Unamuuguza mwenye saratani Kigoma? Mwongozo kamili kwa ajili yako wewe unayeuguza

Kuanzia Ramadhani ya 2024 hadi Februari 2025 nilimuuguza mama yangu nyumbani kwetu Ujiji. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Mimi ni fundi cherehani, nina banda langu Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, na uuguzi sijausomea popote. Katika miezi ile niliambiwa "kuwa na subira" karibu kila siku, na waliosema walinipenda, lakini subira haikunipa hata saa moja ya usingizi. Kilichonipa usingizi ni mipango: nani analala na mgonjwa leo, nani anashika hela, nani anapokea simu za ndugu. Ndiyo maana hapa naueleza moyo wa anayeuguza kama sehemu ya kazi ya kuuguza, yenye saa zake kama dawa zilivyo na saa zake.

Hatua zifuatazo nimezipanga kwa jinsi zinavyokuja. Kama tayari uko katikati, anza na ile inayokuwasha leo.

Hatua ya 1: Ujue ugonjwa kwa jina, na mwenye ugonjwa asifichwe

Majibu ya kipimo yalitoka katikati ya mfungo. Mjomba akatuita watoto wote akasema mama asiambiwe, atakufa kwa hofu kabla ya siku zake. Tukakubali, maana ni mkubwa wetu. Kwa wiki sita nikawa nakunja karatasi za hospitali na kuzificha ndani ya mtoto wa cherehani, naongea na daktari kolidoni, nikirudi namwambia mama "wamesema ni uvimbe tu". Katika mambo yote niliyobeba mwaka ule, hakuna lililonichosha kama hilo. Unamwosha mtu, unamlisha, na huku kila sentensi unayomwambia umeipima kwanza.

Siku moja akaniuliza, "Kwani nyie mnadhani mimi sijui kusoma ubao wa mlangoni?" Kliniki tuliyokuwa tunakwenda imeandikwa saratani kwa herufi kubwa. Alijua tangu siku ya kwanza, akawa anatuficha kwamba anajua ili tusiumie. Tulikuwa tunafichana kitu kimoja, kila mtu peke yake, na tunalala chumba kimoja.

Njia niliyoipata baadaye ni kuuliza kabla ya kusema: "Mama, daktari akinieleza jambo, unataka nikuambie lote, au nimwambie kaka kwanza?" Wapo wagonjwa wanaosema wazi kwamba hawataki kujua. Hiyo ni haki yao, na hapo unakuwa unatii alichochagua mwenyewe, hudanganyi. Mjomba nilimwendea peke yake, kwa heshima, na nilimwomba daktari ndiye aeleze. Mkubwa akisikia kutoka kwa daktari hajisikii kwamba mtoto amemvunjia neno.

Kwa daktari nenda na maswali haya matatu yameandikwa. Ugonjwa umefika hatua gani? Matibabu haya yanalenga kuuondoa, au kuupunguza makali? Dalili zipi tukiziona tusisubiri kukuche? Swali la pili linauma kulitamka, ila usipoliuliza utaishi kwa kubahatisha, na kubahatisha kunakula moyo kuliko jibu baya. La tatu ndilo linalokupa usingizi. Kwa mgonjwa anayepewa dawa za saratani za kwenye mshipa, kwa mfano, homa ya nyuzi 38 au zaidi ni safari ya hospitali usiku huohuo, kwa sababu dawa zile hushusha kinga ya mwili. Nunua kipimajoto. Ukiwa nacho, saa nane za usiku hutabaki unashika paji la uso na kujiuliza.

Hatua ya 2: Daftari moja

Daftari la shule linatosha. Upande mmoja saa za dawa, amekula nini, amepata choo au hajapata, maumivu yamekuwaje. Upande wa nyuma maswali ya kliniki ijayo. Mtu anayekuja zamu anasoma daftari, hakuulizi. Ukishaandika "amepewa saa nne usiku", kichwa chako kimeruhusiwa kusahau.

Hatua ya 3: Gawa zamu kwa majina, siku na saa

Kwa mila zetu mtoto wa kike aliye karibu ndiye anayeuguza, wengine "wanasaidia". Neno hilo la kusaidia ndilo shida. Nilikuwa nawapigia ndugu nasema "jamani nimechoka, nisaidieni", wanajibu "pole sana dada", na kesho yake ni mimi tena. Hawakuwa na roho mbaya. Mtu aliye mbali haoni cha kushika, na wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku nilipoanza kuomba kitu kimoja chenye siku na saa, mambo yalibadilika.

Tuko wanne. Kaka ni mvuvi wa dagaa, anashusha mzigo mwalo wa Kibirizi. Dada ameolewa Kasulu. Mdogo wetu yuko Dar es Salaam. Kila mmoja nilimpa lake.

Kaka nilimfuata na kalenda ya mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanakaa nyumbani. Nikamwambia: "Kaka, kuanzia kesho mpaka mbalamwezi iishe, wewe ndiye unalala na mama. Mimi nakwenda kulala kwa shangazi Gungu." Narudia hilo la kwenda kulala kwingine, kwa sababu nililikosea mwanzoni. Ukilala chumba cha pili utasikia kikohozi na utaamka. Hiyo bado ni zamu. Toka kabisa. Pia kuna haya yetu: mtoto wa kiume hamwoshi mama yake, na kwa ugonjwa ule ndiyo kabisa. Hatukubishana na haya hiyo. Kazi ya kaka usiku ilikuwa dawa, maji, kumgeuza ubavu na kuwa macho. Mama mdogo, anayekaa nyumba ya pili, alikubali kugongewa akihitajika.

Dada wa Kasulu alikuja kila baada ya wiki mbili, Ijumaa jioni hadi Jumapili, na zile siku yeye ndiye aliyeosha na kufua. Mdogo wetu wa Dar alituma hela kila tarehe 5, na akapewa kazi ambayo sikutegemea ingekuwa na uzito hivyo: simu zote za ndugu, kuanzia Uvinza mpaka Bujumbura, zikaelekezwa kwake. Kabla ya hapo nilikuwa nasimulia ugonjwa wa mama mara sita au saba kwa siku, kila mara tangu mwanzo. Kila simulizi ilinirudisha pale pale. Mtoe mtu mmoja katika familia awe msemaji, ikiwezekana yule aliye mbali anayeona haya kwamba hafanyi kitu. Unamtoa hatiani na yeye anakupunguzia mzigo.

Kama huna ndugu, zamu ni za majirani, watu wa msikitini au kanisani, au kikundi chako cha kuweka na kukopa. Omba saa mbili, si siku nzima. Watu wanatoa saa mbili kwa urahisi.

Hatua ya 4: Hasira, kinyaa, na kutamani yaishe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu haya hakuna aliyeniambia, na nilijiona mimi peke yangu ndiye mtoto mbaya mkoa mzima.

Hasira ilikuja kwa sababu ya kikombe cha uji. Nilikuwa nimeamka mara nne usiku, nikapika uji wa lishe, mama akaonja akasema una moshi. Nikapika mwingine. Akasema sasa umekuwa mzito. Nikamfokea mpaka mama mdogo akasikia kule kwake. Kisha nikatoka nikakaa nyuma ya nyumba nikilia, si kwa sababu ya uji. Niliporudi kuomba radhi, mama akaniambia, "Wewe nimekufokea kwa ajili ya uji miaka mingapi? Leo ilikuwa zamu yako."

Ikikutokea, fanya hivi. Toka chumbani kabla ya neno la pili. Kama mgonjwa yuko salama kitandani, dakika kumi za uani hazimdhuru. Ukirudi omba radhi kwa kifupi, mara moja. Usimlilie mgonjwa mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza, atachoka. Kilio kipeleke kwa mtu mwingine. Halafu angalia daftari: umelala saa ngapi siku tatu zilizopita? Mara nyingi hasira yangu ilikuwa usingizi uliokosekana, na dawa yake ilikuwa kumpigia mtu wa zamu.

Kinyaa kinaaibisha zaidi. Saratani ya mlango wa kizazi ikikomaa hutoa majimaji yenye harufu kali, na harufu hiyo inaingia kwenye godoro, kwenye nguo zako, mpaka unaisikia ukiwa sokoni. Kuna asubuhi nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Nilijichukia. Kumbe pua haijui mapenzi, na kuna mambo ya kufanya. Mwambie muuguzi au daktari wazi kwamba kuna harufu, usione aibu kwa niaba ya mgonjwa: kuna dawa iitwayo metronidazole ambayo hutumika kupunguza harufu ya vidonda vya saratani, na wao ndio watakaosema itumikeje. Badilisha vitambaa mara kwa mara, fungua madirisha, weka beseni la mkaa mkavu chini ya kitanda. Usimwage manukato juu ya harufu. Vikichanganyika ni vibaya zaidi, na mgonjwa anaelewa kwa nini umeyamwaga. Harufu ilipopungua mama alianza tena kupokea wageni, na mimi nikaanza tena kukaa kitandani kwake kupiga soga.

La tatu ni lile ombi. Usiku mmoja wa Novemba nilijisikia nikisema, "Yarabi, mchukue apumzike." Nilishtuka nusura niangushe taa. Siku mbili sikuweza kumtazama mama usoni. Nilimweleza muuguzi mmoja mama wa makamo, na hakushangaa hata kidogo; alisema waliouguza muda mrefu karibu wote hufika hapo. Unataka mateso yaishe, na mateso yamekaa ndani ya mtu unayempenda, basi ombi linatoka limechanganyika hivyo. Kulitamka mbele ya mtu mzima mmoja anayeaminika kulinifungua kifua. Chagua mtu huyo mapema: asiwe wa kukuhubiria, na asiwe mtoto wako.

Ipo pia huzuni ya kuombolezea mtu aliye hai. Unamwona mama anashindwa kukunja kanga, na unajua hataikunja tena. Lia. Huo si uchuro.

Hatua ya 5: Maumivu yake yakitulia, na wewe unatulia

Hakuna kinachomvunja anayeuguza kama kumsikia mgonjwa akigugumia usiku kucha. Ukiulizwa kliniki "anaendeleaje", usijibu "hajambo kidogo" kwa adabu. Sema: "Analia usiku, halali." Omba kuelezwa kuhusu tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na dalili nyingine, ambayo haisubiri siku za mwisho.

Maumivu makali ya saratani hutulizwa kwa morfini ya maji, ya kunywa. Watu wa mtaani watakutisha kwamba ni dawa ya kumalizia mgonjwa au atakuwa teja. Ikitolewa kwa kipimo alichopanga daktari haimuui mgonjwa, na kumtuliza mwenye saratani si uteja. Inatolewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Hufunga choo, kwa hiyo uliza dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Mimi niliogopa dawa hii wiki nzima, na wiki ile mama aliteseka bure. Hilo linaniuma mpaka leo.

Hatua ya 6: Wiki za Mwanza

Kutoka Kigoma wengi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi ya nje, yaani ile ya mashine inayomulika ugonjwa kutoka nje ya mwili, hutolewa siku tano za wiki, na kwa ugonjwa wa mama ilikuwa wiki tano na zaidi. Basi la alfajiri, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, mgonjwa amekalia mto. Jiandae kwamba upweke wa kule ni wa aina yake: huna jiko lako, huna jirani, wanao umewaacha kwa wifi.

Kabla ya kuondoka pangeni nani atakuja kukupokea katikati. Sisi tulikwenda mwaka ambao Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Hela ya kaka ilikatika, lakini muda alikuwa nao, akaja wiki ya tatu, nikarudi Ujiji siku tano kuwaona watoto. Bila siku zile nisingemaliza. Pili, kaa na wenzako kwenye benchi la kusubiria. Mama mmoja kutoka Tabora, aliyemuuguza mumewe, alinifundisha mengi kuliko karatasi yoyote: wapi uji mzuri, siku gani foleni ni fupi, na namna ya kusinzia umekaa. Tatu, wapigie watoto saa ileile kila jioni, hata kama ni dakika mbili.

Na waambie wa nyumbani mapema: saratani haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja, na aliyepigwa mionzi ya nje haondoki nayo mwilini. Tuliporudi kuna jirani aliwakataza wajukuu wasimkaribie bibi yao. Mama aliumia kuliko alivyoumia na ugonjwa.

Hatua ya 7: Wageni, maneno na wauza dawa

Wageni weka saa. Sisi tulisema baada ya alasiri mpaka magharibi, na mdogo wa mama akawa mlinzi wa mlango. Anayeuliza "nilete nini?" mwambie sabuni ya unga, mkaa, au akae na mgonjwa nusu saa wewe ukaoge.

Maneno yatakuwepo. Kwa kuwa ugonjwa huu unasababishwa na kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana, wapo waliosema mama alikuwa mtu wa mabwana. Ukweli ni kwamba watu wengi walioanza maisha ya ndoa hukipata kirusi hiki wakati fulani, mwili hukiondoa wenyewe, na kwa wachache hubaki miaka mingi mpaka kiwe saratani. Mke wa mume mmoja anaweza kuupata. Mimi hilo nililisema mara moja, barazani, kwa sauti, na sikulirudia.

Hofu ya "na mimi nitaupata" nayo inakuja, hasa kwa mabinti. Ugonjwa huu hauendi kwa damu ya ukoo kama watu wanavyodhani, na uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa siki ni wa dakika chache. Nilipima. Binti wa dada alipelekwa chanjo ya HPV, ambayo wasichana wanapewa nchini tangu 2018. Kufanya jambo hilo moja kulinipunguzia hofu kuliko maneno ya mtu yeyote.

Wauza dawa za kuponya saratani kwa wiki mbili watakuja wenyewe. Mkabidhi msemaji wa familia awajibu.

Hatua ya 8: Hela

Daftari la pili, kila shilingi, na picha ya ukurasa itumwe kwa ndugu wote kila Jumapili. Ugomvi wa hela huanza pale mtu anapohisi kafichwa. Kwenye hospitali za serikali nenda ofisi ya ustawi wa jamii mapema, kabla bili haijawa mlima, mweleze uwezo wenu.

Hatua ya 9: Ukianza kuugua wewe

Uchovu wa kawaida unapungua ukilala. Ukiona wiki mbili zimepita na hata usiku wa mapumziko hulali, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, unalia bila sababu au huhisi kitu chochote, au umeanza kunywa pombe au vidonge vya usingizi ili upitishe usiku, hiyo inaweza kuwa sonona, na inatibika. Nenda hospitali ya mkoa, Maweni kwa walio Kigoma, Kitete kwa walio Tabora, uulize huduma za afya ya akili. Na likikujia wazo la kujiua au kumdhuru mgonjwa, mwambie mtu siku hiyohiyo, usibaki peke yako na mgonjwa, nenda kituo cha afya kilicho karibu.

Mimi nilifika kwenye kutolala na kutohisi. Nilipewa nafasi ya kuongea mara nne na mtu aliyesomea kazi hiyo. Nilikwenda wakati wa zamu ya kaka.

Hatua ya 10: Baada ya maziko

Mwili haujui kwamba umeachiliwa. Kwa wiki kadhaa niliamka saa nane usiku kwa ajili ya dozi, nikashika chupa, nikakumbuka. Usiogope, hupungua. Nafuu ya kulala usiku mzima itakuja ikiwa na hatia ndani yake. Ipokee hivyo hivyo. Usikubali kazi zenye tarehe mpaka arobaini ipite. Nilishona magauni mawili ya harusi wiki ya pili na yote niliyaharibu.

Dawa zilizobaki, hasa morfini, usizigawe mtaani wala usiziweke kabatini kama kumbukumbu. Zirudishwe hospitali zilikotoka. Usiende peke yako, maana njia ile umeipita mara nyingi na miguu itakumbuka. Mimi nilikwenda na kaka. Ilikuwa siku za mbalamwezi, hakuwa majini, na mfuko wa dawa aliubeba yeye.